Ndoo Mbili za Chaki

Kiwandani walimwita Mzee Chaki, na hata karani aliyeshika faili lake ilibidi alifungue kila alipotaka kukumbuka jina lake la kuzaliwa. Mwenyewe hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuchanganya: punje za plastiki, plastiki chakavu iliyosagwa, rangi na unga wa chaki, vyote ndani ya pipa kubwa lenye mapanga yanayozunguka. Jioni alitoka humo akiwa mweupe kuanzia kope hadi viatu, na wenzake walimtania kwamba siku akifa hakuna haja ya kununua sanda. Alicheka nao. Utani wa kifo ni mtamu kifo kikiwa mbali.

Chaki kwenye plastiki ni kama chumvi kwenye mchuzi. Plastiki tupu ni laini mno. Ukiibebesha mzigo inatoa tumbo. Ukiitia chaki kwa kiasi inasimama wima, haipindi, wala haisinyai ikipoa ndani ya kalibu. Ukizidisha umeiharibu. Kinachoyeyuka ni plastiki, chaki haiyeyuki hata uipikeje. Inabaki punje punje, na kila punje inataka plastiki ya kuishika. Punje zikizidi mikono ya kuzishika zinaanza kugusana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo ufa unapopata njia ya kupita. Mzee Chaki aliyajua haya wakati nusu ya wafanyakazi wa pale hawajaota meno. Ndoo mbili kwa pipa. Hiyo ndiyo kanuni aliyoachiwa na mwenye kiwanda wa kwanza, marehemu baba yake bosi wa sasa, na kwa miaka ishirini na miwili mkono wake haukuongeza wala haukupunguza. Ndilo lililokuwa fahari yake, na ndilo lililomponza.

Jumatatu moja asubuhi Mama Mitambo alimfuata hadi mlangoni mwa chumba cha kuchanganyia. Huyu ndiye aliyeendesha mashine kubwa, ile inayoyeyusha mchanganyiko na kuusukuma ndani ya kalibu ili itoke kreti ya kubebea maziwa. Hakuwa mtu wa kutembelea watu. Ukimwona mlangoni kwako, ujue ana neno.

"Mzee mwenzangu, unanipa nini siku hizi?"

"Nakupa unachopewa siku zote."

"Haya, njoo uone."

Akamfuata. Mashine ilikuwa ikiguna, si kwa mlio wake wa kawaida, bali kama mtu anayepandisha gunia ghorofani na hataki kukiri kwamba limemshinda. Mama Mitambo akamwonyesha geji. Mshale ambao miaka yote ulitulia katikati sasa ulikuwa umepanda hadi vidole viwili kutoka kwenye mstari mwekundu, na ulikuwa ukitetemeka.

"Rojo limekuwa zito," alisema. "Zamani lilijaza kalibu lenyewe, unasikia tu shwaa, kazi imekwisha. Sasa linagoma njiani mpaka nilisukume. Mwezi huu nimeshapandisha joto mara tatu. Nikipandisha tena nitaliunguza."

"Labda mashine imezeeka."

"Mashine imezeeka, mimi nimezeeka. Wewe umebaki kijana?"

Wafanyakazi wawili waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko kile kikamchoma Mzee Chaki kuliko maneno. "Ndoo mbili, mama," alisema. "Kama huniamini, leta kiti ukae unihesabie."

"Sijausema mkono wako. Nasema kinachotoka."

Alirudi kwenye chumba chake akiwa amenuna. Mtu akiguswa kwenye fahari yake huziba masikio kwanza, sababu za kuyaziba huzitafuta baadaye. Mzee Chaki alizitafuta siku nzima, na saa kumi jioni akaipata moja kubwa: mtihani wa ngazi.

Mtihani huo uliwekwa na marehemu. Kila jioni kreti ya mwisho, ikitoka tu kwenye kalibu, mtu alipanda nayo ngazi ya vidato saba na kuiachia juu ya sakafu ya zege. Ikidunda, watu wanakwenda kunawa na kurudi makwao. Ikipasuka, hakuna anayeondoka mpaka ijulikane kwa nini. Kwa miaka yote ile haikuwahi kupasuka, na watu walishaufanya mtihani ule kuwa kitu cha kumalizia siku, cha kupiga makofi na kutaniana. Jioni ile kreti iliyotoka bado ilikuwa na joto lake. Aliyeipandisha aliikumbatia kifuani huku akisema ingemfaa wakati wa baridi. Akaiachia. Ikadunda mara mbili, ikalala ubavu. Makofi yakapigwa.

Mzee Chaki akamtazama Mama Mitambo kwa jicho la "umeona?" Yule mama aliiinua kreti, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akairudisha chini taratibu.

Nyumbani kwake walikuwa wawili tu, yeye na bintiye. Mkewe alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na tangu hapo baba ndiye aliyesuka nywele, vibaya, na kusaini ripoti za shule, vizuri. Alimwita "mama" kwa kuwa alibeba jina la bibi yake, mama aliyemzaa Mzee Chaki. Sasa binti alikuwa mtu mzima, mwenye koti nene la kazi na vidole vilivyopasuka kwa baridi, kwani alifanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kampuni ya maziwa, mitaa mitatu kutoka kiwandani. Kreti alizozichanganya baba, binti ndiye aliyezipanga. Jambo hilo lilimfurahisha sana mzee. Alilisema kila alipopata mtu wa kumwambia.

Siku ile binti alirudi na shoga yake wa kazini. Huyu walimwita Kicheko, na ukimsikia mara moja huulizi kwa nini. Hakuwa na baba, basi alijichukulia Mzee Chaki bila kumwomba ruhusa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmekuja kunimalizia chai?"

"Tumekuja kukupangusa vumbi. Tusipofanya hivyo, watu watakuzika na huku unapumua."

Akajitupa juu ya kreti iliyokuwa pale sebuleni, mpya, aliyoileta mzee mwenyewe iwe kiti cha ziada. Kabla hajatulia akainama, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.

"Baba, sikia hii. Za zamani ukizigonga zinasema bu. Hizi zinasema ting, kama sahani."

"Na kule ndani zinasema zenyewe," binti aliongeza, akimimina chai. "Bila kugongwa."

"Zinasemaje?"

"Tik. Halafu kimya. Unasahau, unaendelea na kazi. Tik. Tulidhani ni barafu."

Mzee Chaki akaweka kikombe chini. "Mnazipanga ngapi kwenda juu?"

"Kumi na mbili."

"Si zilikuwa nane?"

"Zilikuwa nane. Msimamizi wetu kasema hizi za siku hizi ni ngumu, hazitoi tumbo, tupange mpaka dari. Nafasi imebana kule."

"Tena kasema tumpe shukrani aliyezitengeneza," Kicheko alidakia. Akasimama, akainama kama mbele ya mkubwa wa nchi. "Basi baba, ahsante!" Akaangua kile kicheko chake, na binti naye akacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee alicheka pia, maana usingeweza kukaa na Kicheko ukabaki umekunja uso. Lakini moyoni kitu kilikuwa kimekaa vibaya.

"Zinavunjika?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Za chini zina mistari myeupe pembeni," binti alisema. "Lakini zikivunjika si tunawarudishia nyie? Lori zima juzi."

Lori zima.

Kesho yake Mzee Chaki alifika kabla ya wenzake, akaenda moja kwa moja kwenye lundo la kreti zilizorudishwa zikisubiri kusagwa. Kila kreti ilizaliwa na mwaka wake umegongwa kitakoni. Aliokota moja, akaigeuza. Mwaka huu. Akaokota nyingine. Mwaka huu. Zamani kreti ilirudi baada ya miaka minne au mitano, imechoka, imechubuka, imefanya kazi yake kama mtumishi mwaminifu. Hizi zilikuwa na rangi yao mbichi, hazikuwa na mchubuko hata mmoja, na zilikuwa zimepasuka pembe kwa pembe. Alijaribu kupinda kipande kimoja. Ukatokea mstari mweupe pale kilipopindwa, kisha kikakatika, na ndani ya mkato akaona weupe wa unga.

Hapo ndipo alipokielewa alichokuwa akikifanya, akakaa juu ya lundo.

Miaka miwili nyuma punje mpya zilikuwa adimu, na bosi alisema nusu ya pipa iwe plastiki chakavu. Mzee Chaki akajaza nusu ya punje, nusu ya chakavu, na juu yake ndoo mbili za chaki, kama kanuni inavyosema. Lakini kanuni ya marehemu ilitungwa kwa pipa la punje mpya. Hicho chakavu kilikuwa na chaki yake tayari. Kila kreti iliyorudi ilirudi na ndoo zake tumboni, na yeye akaipokea kama mgeni asiye na mzigo. Alisimama, akaokota donge la chaki, akaandika ukutani. Ndoo mbili zikawa tatu. Kreti za tatu zikavunjika, zikarudi, zikasagwa, zikawa tatu na nusu. Halafu mwaka huu, kwa kuwa lundo lilikuwa limekua, bosi akasema robo tatu ya pipa iwe chakavu, na Mzee Chaki akaona ni bahati kwamba chakavu kipo tele. Ndoo karibu tano. Na pipa la jana, lile lililomfanya Mama Mitambo amfuate mlangoni, ndoo tano na nusu. Kadiri zilivyovunjika haraka ndivyo zilivyorudi haraka, na kadiri zilivyorudi ndivyo alivyozivunja zaidi.

Mkono haukukosea. Ulitia ndoo mbili, kweli kabisa. Kilichokosea ni kichwa, na kichwa hakikuwa na wa kukisingizia.

Lakini mtihani wa ngazi? Alijishikilia hapo kama mtu anayezama anavyoshika jani. Mbona zinadunda? Saa sita mchana akachukua kreti mpya, akavuka barabara hadi dukani, akamwomba mwenye duka nafasi ndani ya friza lake kubwa la vinywaji.

"Unataka kugandisha kreti?" mwenye duka alishangaa. "Mzee, chaki imekuingia kichwani."

"Nisaidie tu. Nitaichukua jioni."

Saa kumi kiwandani mtihani ulifanyika, kreti yenye joto ikadunda, makofi yakapigwa. Saa kumi na moja unusu Mzee Chaki alitoa yake kwenye friza. Ilimuunguza vidole kwa baridi. Hakuhitaji ngazi. Aliinyanyua usawa wa kifua tu, akaiachia juu ya saruji ya baraza.

Ilivunjika kama chungu. Vipande viliruka hadi barabarani, na mlio wake ukamtoa mwenye duka nje mbio.

"Umevunja nini?"

"Kreti."

"Kreti ndiyo inalia hivyo?"

Mzee Chaki alikuwa akiwaza miaka ishirini na miwili ya makofi. Walikuwa wakipima kreti ikiwa na joto, laini, ingali mtoto mchanga, ilhali maisha yake yote ilikwenda kuishi kwenye baridi. Wakati wa ndoo mbili kosa hilo halikuonekana, kwa sababu kreti ya ndoo mbili ilikuwa na nguvu za kutosha kuvumilia ujinga wao. Na sasa kreti za ndoo tano zilikuwa zimesimama kumi na mbili kwenda juu, zimejaa maziwa, kwenye baridi, zikisema tik, na chini yake alipita mwanawe.

Alikuwa na simu mfukoni. Namba ya bosi ilikuwamo. Namba ya kampuni ya maziwa ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa kila lori lao, na kila mtu mjini aliijua kwa kichwa. Lazima lisemwe waziwazi: wakati ulikuwepo, na njia ilikuwepo.

Badala yake alichukua mfuko, akaokota vipande kimoja kimoja, hadi vile vilivyofika barabarani. Aliwaza uso wa Mama Mitambo. Aliwaza bosi akisema, kumbe ni wewe. Aliwaza vijana waliompa jina wakilitamka kwa namna nyingine. Kisha akajipangia mambo vizuri sana, kama waoga wote wanavyojipangia. Kuanzia keshokutwa angetia nusu ndoo, halafu asitie kabisa; chaki ingeshuka polepole, mshale wa geji ungerudi katikati, na hakuna ambaye angejua. Zilizokwisha kutoka? Zingevunjika moja moja na kurudi, kama zilivyokuwa zikirudi. Cha muhimu ni mtoto asiwepo mle ndani kwa siku chache. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua tangu shule. Ila kila mtu hudhani methali zilitungwa kwa ajili ya jirani.

Alipofika nyumbani aliusukuma mfuko nyuma ya mlango, akajilaza kitandani na viatu vyake.

"Baba, vipi?" Binti aliingia na kumwekea mkono kwenye paji la uso.

"Kifua, mama. Kimenibana."

"Ni hilo vumbi. Nilikwambia uvae kitambaa puani. Twende hospitali."

"Hapana. Nikilala kitatulia. Ila kesho... kesho usiende kazini. Kaa na mimi."

Binti alimtazama. Baba yake hakuwahi kuomba mtu akae naye. Hata alipovunjika mkono alipika wali kwa mkono mmoja. Hofu ilimpanda binti usoni, na mzee aliiona, akaona pia jinsi alivyopendwa, na akaitumia hofu ile.

"Sawa," binti alisema. "Ngoja nimwambie Kicheko anishikie zamu."

Mzee Chaki akainuka kwenye kiwiko. "Kwani lazima mtu akushikie?"

"Kesho tunapokea mzigo mkubwa, baba. Kesho ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini hawezi kuniangusha." Tayari alikuwa ameshapiga. Alizungumza amesimama pale pale katikati ya chumba, na sauti ya Kicheko ikatoka kwenye simu kama vile yumo ndani.

"Hebu mpe mwenyewe nimseme."

Simu ikawekwa sikioni mwa mzee.

"Baba, unaumwa kweli au unadeka?"

"Kifua," alisema.

"Pole, baba yangu. Kesho jioni nakuletea maziwa ya moto, unywe, keshokutwa urudi kwenye unga wako. Sawa?"

Mzee alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tena fupi: usiende. Lingefuatwa na kwa nini, na kwa nini ingefuatwa na mfuko ulioko nyuma ya mlango, na mfuko na ndoo, na ndoo na jina lake. Binti alikuwa amesimama pembeni yake, mzima, hatokwenda. Alihisi moyo wake ukitulia kwa jambo hilo moja, na utulivu ule ulikuwa wa aibu, naye alijua.

"Sawa," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Akacheka Kicheko, akakata.

Asubuhi binti aliosha vyombo kwa uangalifu, asimwamshe. Mzee hakuwa amelala. Saa mbili alijiambia kwamba saa tatu atapiga simu, awaambie wapunguze minara ya kreti, aseme tu ni ushauri. Saa tatu akajiambia saa nne. Nje jirani alikuwa akipiga misumari, na kila pigo lilimshtua. Binti alimletea chai, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia vituko vya kazini kumchangamsha. Saa nne kasoro mzee aliomba simu. Binti akanyoosha mkono kuchukua yake mezani, na kabla hajaigusa ikalia.

Alisikiliza amesimama. Mzee aliona bega lake likishuka kwanza, kisha lile lingine.

"Upi?" binti aliuliza kwenye simu. "Wa tatu?" Kimya. "Alikuwa wapi?" Kimya tena, kirefu. "Mmemtoa?"

Akakaa chini sakafuni, simu bado sikioni, ingawa upande wa pili walikuwa wamekwisha kata.

Mnara wa tatu ulikuwa umeketi. Ndivyo walivyosema waliokuwepo: haukuinama, haukutikisika, kreti ya chini ilipasuka na mnara ukaketi, kisha ukasukuma wa pili, na wa pili ukasukuma wa kwanza. Kicheko alikuwa katikati. Walipomfikia alikuwa ameshakwisha.

Mzee Chaki aliinuka kitandani. Alisahau kwamba kifua kinambana. Alisimama haraka, mtu mzima mwenye afya yake, akavuka chumba kumshika mwanawe, na binti akainua macho na kuliona hilo. Alijisogeza nyuma, mgongo wake ukagonga mlango, na nyuma ya mlango kitu kikalia, ting, kama sahani.

Alivuta mfuko, akaufungua. Alitoa kipande chenye mwaka wa sasa umegongwa. Akakipinda, kikaota mstari mweupe, kikakatika.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mama..."

"Baba. Hii umeivunja lini?"

Angeweza kusema uongo hata hapo. Aliutafuta, akaukosa.

"Jana," alisema. "Jana jioni."

Binti aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa barua na kuthibitisha kwamba imefika kwa mwenyewe. "Kabla ya kifua," alisema. Akaweka kipande kile kitandani, akavaa koti lake la kazi, akatoka kwenda kwa mama yake Kicheko. Mlango hakuubamiza, aliurudisha taratibu.

Mzee alikwenda kiwandani. Hakujua pa kwenda pengine. Alimkuta bosi ameshafika, shati limemganda kwa jasho, na nje lori la maziwa linashusha vipande. Vingine vilikuwa na maziwa bado, na maziwa yalichuruzika uani hadi kwenye mfereji.

"Mzee, vizuri umekuja," bosi alisema, akimvuta kando. "Maofisa wa usalama kazini wanakuja saa nane. Saga vyote hivi. Vyote, umenielewa? Vikiwa unga hakuna wa kusema vilivunjikaje. Tia kwenye pipa, changanya, tuendelee na kazi."

Vyote, tena pipani. Mashine ya kusaga ilikuwa imekwisha kuwashwa, inanguruma ikingoja. Mzee Chaki aliliangalia lundo, akahesabu bila kutaka: ndoo tano na nusu, kujumlisha mbili. Kule mtaani minara mingine ilikuwa bado imesimama.

Akaenda ukutani, akazima swichi. Akaurudia mlango wa chumba cha kuchanganyia, akavuta kreti moja nzima, akaikalia mbele ya lundo.

"Unafanya nini?" bosi aliuliza.

"Pigia kampuni ya maziwa," mzee alisema. "Waambie watoe watu kwenye chumba cha baridi. Wote, sasa hivi."

"Wewe mzee, unajua unachojitafutia?"

"Najua."

Bosi alipiga kelele, akatisha, akabembeleza. Mama Mitambo alikuja, akaizima mashine yake bila kuulizwa, na ukimya ukaingia kiwanda kizima. Alitoa simu yake, akaipiga ile namba ya kwenye malori, akazungumza maneno machache. Kisha akasimama nyuma ya Mzee Chaki. Hakumgusa, wala hakumwambia pole.

Maofisa walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, wakamkuta bado amekaa. Aliwaambia yote kwa mpangilio: ndoo, chakavu, ngazi, friza. Aliwaonyesha hesabu ukutani. Yule mwanamke aliandika haraka, akimkatiza mara moja moja kuuliza tarehe. Walipofika kwenye jana, kalamu ilisimama.

"Saa kumi na moja unusu jioni?"

"Ndiyo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilimzuia binti yangu asiende. Mwingine sikumwambia."

Mwanamke aligeuza ukurasa, akauliza swali lililokuwa limeandikwa tayari kwenye fomu, ambalo huulizwa kila mtu.

"Ulikuwa na uhusiano wowote na marehemu?"

Mzee Chaki alijipangusa uso, na mkono ukatoka mweupe. Siku ile hakuwa ameshika chaki hata kidogo. Ilikuwa ya siku zote.

"Alikuwa ananiita baba," alisema.